Kabla hujanunua semi yako mwenyewe, tafuta mzigo kwanza: hesabu ya njia ya Tunduma na Kongo

Kichwa_na_Tela (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Madereva wananipigia sana simu kuhusu jambo moja, nikaona niliandike hapa kwa urefu kila mwenye nia asome. Dereva amekaa barabarani miaka, anaijua njia ya Dar, Tunduma hadi Lubumbashi, ana akiba kidogo, na ameona kichwa cha Scania R420 kinauzwa pamoja na tela lake, yaani semi nzima. Anauliza: kaka, nichukue?

Nimeendesha njia hiyo muda mrefu, na sasa nasimamia safari za magari ya tajiri mmoja hapa Dar, kwa hiyo risiti zote zinapita mikononi mwangu. Jibu langu ni kwamba gari liwe la mwisho kuulizwa. Mzigo utautoa wapi? Nani atakulipa? Atakulipa lini? Mwenye majibu ya hayo matatu, tena yakiwa kwenye karatasi, tukae tuzungumze Scania. Asiye nayo, hata akipewa gari bure atateseka nalo.

Tatizo ni kwamba ukiwa dereva unaona nauli ya mzigo ikitajwa, unaona dizeli inayowekwa na posho unayopewa, halafu unatoa moja kwa nyingine na kusema tajiri anakula sana. Kuna matundu mengine ambayo dereva haonyeshwi. Nayaweka hapa kwa namba za mfano. Bei za mizigo hupanda na kushuka, na EWURA hutangaza bei mpya ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo weka namba zako mahali pa zangu, ila usiruke kipengele hata kimoja.

Dar hadi Lubumbashi kwenda na kurudi ni kama kilomita 4,000. Semi yenye mzigo kwenye milima yetu, Kitonga ikiwemo, inakwenda kilomita mbili kwa lita. Ikiwa tupu inaweza kufika tatu. Ukienda na mzigo mzito na kurudi na mwepesi kidogo, weka lita 1,900. Kwa shilingi 2,800 ni milioni 5.3. Ushuru wa barabara Zambia na Kongo, vibali, maegesho yenye ulinzi na mawakala wa mipakani, weka milioni 3. Mshahara na posho ya dereva na tingo (msaidizi wake), milioni 1.5. Mstari huo usiufute kwa sababu unaendesha mwenyewe. Wewe pia ni mtu wa kulipwa, na familia itakula kwenye mshahara huo.

Matairi ndiyo yanawashangaza wengi. Semi ya ekseli sita ina matairi 22. Kwa 600,000 kila moja ni milioni 13.2. Yakitembea kilomita 80,000, kila safari ya Lubumbashi imekula 660,000 hata kama siku hiyo hujatoa senti. Usipoiweka pembeni, siku ya kununua matairi utakopa. Sevisi ya oili na filta 250,000. Akiba ya matengenezo milioni 1, na hapo nimebana. Bima kubwa, leseni ya LATRA na Yellow Card ya COMESA (bima ya kuvukia mipaka), ukigawa kwa miezi ni kama 500,000. Jumla milioni 12.2.

Mapato sasa. Tuseme mzigo wa kwenda umelipwa milioni 12 na wa kurudi milioni 5. Kati ya milioni 17 kimebaki 4.8. Kama umekopa milioni 80 kwa riba ya asilimia 17 kwa miaka mitatu, rejesho ni karibu milioni 2.85 kila mwezi. Umebaki na milioni 1.9. Hiyo ni safari ambayo gari halikuharibika, mzigo wa kurudi ulipatikana, na kila kitu kiliisha ndani ya mwezi mmoja.

Urudi tupu. Mapato ni 12, dizeli inashuka hadi 4.7, gharama nyingine ziko palepale. Kabla ya benki umebaki na laki nne, na benki inataka milioni 2.85. Inabidi utoe milioni 2.4 mfukoni ili mwezi upite.

Au umepata mizigo yote miwili lakini safari imechukua wiki sita kwa sababu ya foleni. Benki haijui Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ni nini. Rejesho la mwezi na nusu ni milioni 4.3, bima imeongeza 250,000, na ile 4.8 yako imebaki kama laki mbili na nusu. Foleni peke yake imekula faida bila gari kuguswa na fundi. Waliolala njia ya Chililabombwe wakisubiri kuvuka wanajua kwamba wiki sita si jambo la kutunga.

Karibuni tujadili.

MamaUyole

Kaka Kichwa, umesema kweli ila umepita haraka kwenye malipo. Niongezee.

Sisi tuna gari moja. Mume wangu anaendesha, mimi nashika karatasi na simu. Kilichotutesa mwaka wa kwanza hakikuwa gari. Kazi ilifanyika vizuri, mzigo ulifika salama, lakini fedha haikuja. Mtu anakupa malipo ya awali ya kutosha dizeli na vibali, yaliyobaki unalipwa baada ya kurudisha hati za makabidhiano zilizogongwa muhuri kule mwisho wa safari. Ukizirudisha, ndipo siku 30 zinaanza kuhesabiwa. Wengine wanasema 45. Kampuni moja, siitaji, ilikaa na hela yetu zaidi ya miezi miwili na ankara ilikuwa mezani kwao haina kasoro yoyote.

Katika muda huo gari linatakiwa liondoke tena. Dizeli ya safari ya pili inatoka wapi ikiwa ya kwanza hujalipwa? Hapo ndipo wenye gari moja wanapoanza kuchukua mzigo wowote kwa bei yoyote ili wapate malipo ya awali tu, yazibe pengo la nyuma. Ukiingia kwenye mzunguko huo, kutoka ni kazi kubwa.

Kwa hiyo mwenye milioni 40 asizimalize zote kwenye gari. Abaki na fedha ya kuendesha safari moja nzima bila kulipwa na mtu, na nusu ya safari ya pili. Hiyo asiguse hata kama tela linauzwa bei ya kutupwa.

Kichwa_na_Tela

Asante sana dada. Wadau, someni tena aya yake ya pili kutoka mwisho. Ndipo magari mengi yanapofia, na ukiangalia kwa nje utasema injini ndiyo iliyomshinda.

Kuhusu zile hati: dereva asitoke kwenye ghala la Lubumbashi au Kolwezi kabla hajaona muhuri, tarehe, saini na idadi ya mzigo iliyopokelewa. Apige picha hapohapo na aitume Dar.

Mzalendo_wa_Lami

Naona mnatisha watu. Matajiri wote wa malori walianza na gari moja. Dereva mwenye gari lake haibiwi dizeli, anapanga gia vizuri, hakimbizi gari, hachukui abiria njiani. Tajiri anayekaa ofisini anapoteza lita ngapi kila safari? Hizo ni faida za dereva na kwenye hesabu yako hazimo.

Kichwa_na_Tela

Mkuu, nakubaliana nawe kabisa kwenye hilo. Dereva anayeendesha mali yake ana faida ambayo tajiri hawezi kuinunua. Dizeli haichomolewi, breki hazichomwi kwenye mteremko wa Inyala au Mbalizi, mlio mpya kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma) unasikika siku ya kwanza na si siku difu limeshakatika. Kwa gari lililotunzwa hivyo ningepunguza akiba ya matengenezo kidogo, na lita 100 au 150 za dizeli zingeokoka kwa safari. Kwa bei ile ni kama laki tatu na nusu. Ni fedha nzuri.

Lakini tazama upande wa pili. Uko kwenye foleni ya mpaka siku ya tano, mtandao unasumbua, na mwenye shehena ya kurudi anapiga simu Dar kutafuta gari kesho asubuhi. Nani anapokea? Anayeendesha hawezi kuzunguka kwenye ofisi za mawakala wa forodha, hawezi kukaa kudai ankara, hawezi kwenda TRA. Tajiri wa magari 30 ana mtu wa kazi hiyo. Mwenye gari moja aliyefanikiwa, karibu kila ninayemfahamu, ana mtu wa nyumbani mwenye akili ya karatasi kama MamaUyole. Kama huna mtu huyo, umeajiri dereva mzuri sana ambaye hana meneja.

Hao matajiri walioanza na gari moja nawaheshimu. Wengi wao, ukiwauliza, walianza wakiwa na mteja tayari: kiwanda, ghala la mbolea, ndugu mwenye mazao. Tunasimuliwa gari la kwanza, mteja wa kwanza hatusimuliwi.

Dereva_Mdogo

Mkuu shikamoo. Mimi naendesha semi ya kampuni, nina miaka minne tu. Swali langu: Scania au DAF iliyotumika kutoka Ulaya, au Howo mpya ya Kichina kwa mkopo wa muuzaji? Na je, nikizidisha tani kidogo kila safari si ile milioni 12 itakuwa 14?

Kichwa_na_Tela

Marahaba. Naanza na tani, maana hapo watu wanapotea.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito ni ya 2016, na kwetu ilianza kutumika 2019. Ukomo wa juu ni tani 56 kwa gari la ekseli saba, na ekseli zikipungua ukomo unashuka. Tena hawapimi jumla peke yake, kila kundi la ekseli linapimwa kivyake. Unaweza kuwa chini ya ukomo wa jumla ukakamatwa kwa sababu mzigo umepangwa vibaya na umelalia nyuma. Kutoka Dar utapita Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole na Mpemba kabla hujaiona Tunduma. Kote huko kuna mizani. Tozo ya uzito inamwangukia msafirishaji, na msafirishaji sasa ni wewe, si aliyepakia. Ongeza siku ulizolala ukipunguza mzigo. Halafu tani za ziada zinakula matairi, springi na breki, vitu ambavyo vyote ni vyako. Mdogo wangu, ondoa kabisa wazo hilo.

Kuhusu gari, kwa mtu wa gari moja mimi naangalia kitu kimoja kabla ya bei: likizimikia Mpika, Zambia, usiku, spea yake inapatikana wapi na fundi wake yuko wapi? Scania na DAF za zamani zina mafundi kila mahali kuanzia Dar hadi Ndola. Howo ni rahisi kununua, spea zake ni za bei nafuu na siku hizi zimejaa, lakini zinahitajika mapema zaidi gari likishachakaa. Mkopo wa muuzaji unatamanisha kwa sababu masharti ni mepesi kuliko ya benki. Soma vizuri gari linachukuliwa baada ya marejesho mangapi kukosekana. Kuna mikataba inayoruhusu gari kuchukuliwa ukiwa umeshalipa sehemu kubwa. Mwonyeshe mwanasheria kabla ya kusaini, gharama yake ni ndogo kuliko tairi.

Fundi yeyote aliyepo hapa asaidie kwenye ukaguzi.

Fundi_Dizeli

Nipo. Usikague gari la mtumba likiwa limepoa na limeoshwa. Fika asubuhi kabla hawajaliwasha, uone linavyowaka baridi. Likishapata moto fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu na kifuniko kinarukaruka, ringi zimekwisha, na kufungua injini ya Scania si hela ya mchezo. Angalia maji ya rejeta kama yana mafuta. Pita chini ya chesisi yote na tochi ukitafuta sehemu iliyochomelewa, hasa karibu na sahani ya kuunganishia tela. Piga kidole springi za tela, moja moja. Matairi tazama mwaka wa kutengenezwa ubavuni, kashata (meno ya tairi) nzuri isikudanganye, mpira wa zamani unapasuka hata kama haujaliwa.

Mwisho omba kulijaribu likiwa na mzigo, hata kama unalipia dizeli wewe. Likiwa tupu kila gari ni zima. Muuzaji anayekataa kupandisha mlima na mzigo ameshakujibu.

Na kadi ya gari iwe halisi, uende nayo TRA mwenyewe. Nimeona gari lililonunuliwa taslimu na kumbe lilikuwa dhamana benki.

MwanaPwani_Mombasa

Ndugu zangu wa Tanzania, nawasoma kutoka huku Changamwe. Hamjaigusa reli bado, na sisi ilituchoma.

Treni za mizigo za SGR, reli yetu mpya ya kisasa, zilianza Mombasa hadi Nairobi mwanzoni mwa 2018. Mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena yabebwe kwa reli. Watu walikuwa wamechukua malori kwa mikopo ya benki wakitegemea kazi ya bandari hadi Nairobi, na kazi ile ikapungua ghafla. Watu waliandamana Mombasa kila Jumatatu. Mariakani, Mtito Andei, miji yote iliyokuwa ikiishi kwa malori iliumia. Amri iliondolewa Septemba 2022 Rais William Ruto alipoingia, lakini aliyenyang'anywa lori 2020 hakurudishiwa. Mkopo wa lori ni wa miaka mitatu au mitano, na serikali inaweza kubadilisha mambo kwa karatasi moja ndani ya muda huo.

Kwenu naona TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inafufuliwa. Muangalie.

Kichwa_na_Tela

Ahsante sana ndugu yangu, hili ni zito na linatuhusu moja kwa moja.

Wadau, TAZARA ni kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, yaani imelala sambamba na njia yetu. Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa kampuni ya Kichina kuikarabati na kuiendesha. Upande wa pili kuna njia ya Lobito, reli inayotoa shaba Kolwezi na kuipeleka Angola kwenye bahari ya Atlantiki. Shaba ndiyo mzigo wetu mkubwa wa kurudi. Sisemi malori yatakwisha. Reli haifiki kwenye mlango wa ghala, na shehena ya Kongo ni kubwa kuliko uwezo wa reli ilivyo leo. Ninachosema ni kwamba anayekopa leo kwa miaka mitano asiandike bei ya leo kwenye miaka yote mitano. Kopa kwa muda mfupi kadiri unavyoweza kulipa, na weka malipo ya awali makubwa kadiri unavyoweza kutoa bila kugusa ile fedha ya MamaUyole.

Mkulima_Njombe

Mimi nina milioni 45 taslimu, sina mkopo, dereva kwa taaluma. Kwa maelezo yenu Kongo nimeogopa. Niache kabisa?

Kichwa_na_Tela

Usiache, kaka. Upo Njombe, na hiyo ni bahati.

Kwa milioni 45 semi ya Kongo utaipata kwa kukopa zaidi ya nusu, na hutabaki na fedha ya kuiendesha. Ningekuwa wewe ningetafuta Fuso nzima, lori la kati lisilo na tela, ninunue bila kukopa, nibaki na fedha ya mzunguko. Mahindi ya Songea na Makambako yanaanza kushuka Dar kuanzia katikati ya mwaka, mbolea inapanda kuja huko kwenu kabla ya mvua, viazi na mbao zipo karibu mwaka mzima. Faida kwa safari ni ndogo, lakini safari ni ya siku chache, hakuna mpaka, na mwenye mzigo anakulipa ukishusha. Ndani ya miezi michache utakuwa unajua ni mfanyabiashara gani analipa na yupi anazungusha, na hiyo elimu semi haikupi kwa bei hiyo. Januari hadi Machi mazao hupungua, kwa hiyo usipange matumizi kwa mapato ya Agosti.

Na kuna njia ya tatu ambayo madereva hawaipendi kwa sababu inachelewa: baki kwenye ajira yako, endelea kuweka akiba, na tumia nafasi hiyo kujulikana kwa mawakala na wenye shehena. Unapofika Kolwezi na mzigo mzima na karatasi safi, anayepokea analikumbuka jina lako.

Dereva_Mdogo

Nimeelewa mkuu. Sasa huo mkataba wa mzigo uwe na nini ndani? Maana ninaowajua wote wanafanya kwa simu.

Kichwa_na_Tela

Wanafanya kwa simu, na ndiyo sababu wanadai kwa simu.

Kiwepo kiwango kwa safari au kwa tani, na ni tani za kupakia au za kushusha. Idadi ya safari wanazokuhakikishia kwa mwezi, hata kama ni moja. Malipo ya awali ni asilimia ngapi na yanaingia kabla gari halijaondoka. Salio linalipwa siku ngapi baada ya hati kupokelewa, na hati zinahesabika zimepokelewa zikifika kwa nani. Siku za bure za kusubiri kushusha ni ngapi, na baada ya hapo gari linalipwa kiasi gani kwa siku. Hicho wenye mzigo wengi hukiruka, nawe ukisisitize, kwa sababu ndicho kinachokulinda na zile wiki sita. Upungufu wa mzigo unavumiliwa kiasi gani, na nani anabeba bima ya shehena. Ukibeba kontena, andikeni nani anawajibika kurudisha tupu Dar na nani analipa likichelewa, maana kontena tupu linajaza tela lako wakati wa kurudi na huwezi kubeba kitu kingine, kwa hiyo bei ya kwenda lazima iwe na dizeli ya kurudia ndani yake.

Kama gari lako litafanya kazi chini ya kampuni yenye leseni ya mzigo wa transiti (unaopita kwenda nchi nyingine), na kwa mwenye gari moja mara nyingi huwa hivyo, mkataba uonyeshe wanakata asilimia ngapi na wakati gani. Na hakikisha jina la kampuni inayosaini linafanana na jina la akaunti inayokutumia malipo ya awali. Yakitofautiana, uliza kabla ya kupakia.

Ukiupata wa namna hiyo, hata wa miezi sita, nitafute inboksi tuupitie pamoja, halafu twende na Fundi_Dizeli kuangalia gari.